Upasuaji wa Uzazi si Anasa, Wala si Aibu

KUMEZUKA katika miaka hii, hasa mijini, mazungumzo ambayo zamani hayakusikika katika vyumba vya walimu wala katika maofisi ya serikali. Mwanamke anapokaribia kujifungua huulizwa na wenzake kama atazaa kwa njia ya kawaida au atafanyiwa upasuaji, na huulizwa kana kwamba anachagua kitambaa cha gauni. Aghalabu muulizaji anakuwa amekwisha kuamua jibu lililo bora. Wako wanaoona kuwa upasuaji ndiyo njia ya watu waliostaarabika, wenye kadi ya bima na wenye haraka ya kurudi kazini. Na wako wanaomcheka aliyepasuliwa, wakisema kuwa huyo hakuzaa bali alitolewa mtoto tumboni, na kwamba mwanamke wa kweli husukuma.

Kasumba zote mbili ni mbaya, na zote mbili zinaua. Ya kwanza humlaza juu ya meza ya upasuaji mwanamke ambaye hakuwa na haja ya kulazwa hapo. Ya pili humfanya yule mwenye haja akatae au acheleweshe, huku mama mkwe akipigiwa simu kijijini kuulizwa kama anaridhia, mpaka mtoto anakuwa amechoka na mfuko wa uzazi unakaribia kupasuka. Kwa kuwa walimu na watumishi wa serikali ndio wanaosikilizwa mitaani na vijijini katika mambo ya namna hii, yafaa wao kwanza walielewe jambo hili kama lilivyo.

Mwaka 1985 wataalamu waliokutana Fortaleza, nchini Brazil, chini ya Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa hakuna sababu ya eneo lolote duniani kuwa na upasuaji unaozidi asilimia 10 hadi 15 ya uzazi wote. Miaka 30 baadaye, mwaka 2015, Shirika hilo lilirudia kuitazama hesabu hiyo na kueleza kwamba upasuaji unapoongezeka kufikia asilimia 10 katika nchi, vifo vya akina mama na vya watoto wachanga hupungua. Unapopita hapo, hakuna dalili kwamba vifo vinaendelea kupungua kwa sababu yake. Lakini Shirika liliongeza neno ambalo wengi hawalisomi: kwamba kazi ya hospitali si kuifukuzia asilimia fulani, ila ni kuhakikisha kuwa kila mwanamke anayehitaji upasuaji anaupata.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito hapa nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji Tanzania walikuwa kama asilimia 6. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wamefika kama asilimia 11. Anayesoma tarakimu hizo harakaharaka atasema kuwa mambo ni shwari na nchi imefika pale panapotakiwa. Sivyo. Wastani wa nchi huchanganya mwanamke wa Dar es Salaam na mwanamke wa kijiji ambacho wakati wa masika gari halifiki. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambayo kwa kweli hupokea wagonjwa wengi wenye matatizo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa upasuaji ulipanda kutoka asilimia 19 ya uzazi mwaka 2000 hadi asilimia 49 mwaka 2011. Tena uliongezeka hata kwa wanawake ambao hawakuwa na dalili kubwa za hatari. Kwa hiyo nchi moja inaweza kuwa na upasuaji mwingi mno na upasuaji haba mno kwa wakati mmoja, na ndivyo ilivyo.

Wako pia wanaodai kuwa upasuaji wa uzazi ni jambo la Wazungu lililoletwa pamoja na meli na reli. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro nchini Uganda, mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke kijana aliyekuwa akijifungua mimba yake ya kwanza. Mgonjwa alinyweshwa pombe ya ndizi ili asisikie maumivu. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kuoshea tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za magome ya mti, likapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto walikuwa hai. Felkin aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo katika Ulaya yenyewe wanawake wengi waliopasuliwa walikuwa bado wanakufa. Mganga yule alikuwa mtu mwenye ufundi, na ni wazi kuwa hakuwa akiufanya kwa mara ya kwanza.

Upasuaji unahitajika lini? Unahitajika pale ambapo kondo la nyuma limeziba njia; pale mtoto alipolala kingamo; pale kitovu kinapotangulia; pale nyonga ya mama ni ndogo na kichwa cha mtoto hakipiti; pale mapigo ya moyo wa mtoto yanapoonyesha kuwa hana nguvu ya kusubiri. Katika hali kama hizo neno "kuchagua" halina maana. Mwanamke mwenye nyonga ndogo akiachwa na uchungu siku mbili au tatu, atakufa, ama mtoto atafia tumboni na kichwa chake kitakandamiza kibofu mpaka nyama ioze, na mama abaki na fistula, akivuja mkojo mchana na usiku. Wanawake wa namna hiyo wanatibiwa katika hospitali za CCBRT na Bugando, na wengi wao huko walikotoka walikwisha kuachwa na waume zao. Anayemcheka mwenzake kwa kuwa na kovu la tumboni yafaa aambiwe kovu hilo limemwepusha na nini.

Na si kweli kwamba mambo haya hayawezekani mpaka nchi itajirike. Hospitali ya Mkoa wa Kigoma ilikuwa na hali mbaya katika mwaka 1984: kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai hapo, akina mama 933 walikufa. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake walianza kurekebisha jambo moja baada ya jingine kwa fedha kidogo zilizokuwapo: zamu za watumishi, dawa, utaratibu wa kupata damu, vyombo vya chumba cha upasuaji, uangalizi wa wagonjwa. Kufika mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186. Vile vile kwa miaka mingi katika mahospitali ya wilaya, mathalani katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, waliofanya sehemu kubwa kabisa ya upasuaji wa uzazi walikuwa ni madaktari wasaidizi, wala si mabingwa. Watafiti waliopima kazi yao mwaka 2009 hawakuona tofauti ya maana kati ya wagonjwa wao na wale waliopasuliwa na madaktari wenye shahada. Mamia ya vituo vya afya yaliyopewa vyumba vya upasuaji tangu mwaka 2017 yanafuata njia hiyo hiyo ya kumsogezea mama huduma, na simu ya bure ya 115 ya mpango wa m-mama inamsaidia aliye mbali kupata usafiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Upasuaji uliofanywa kwa wakati una sehemu yake katika badiliko hilo.

Lakini chumba cha upasuaji bila mtu wa kutoa dawa ya usingizi, bila damu na bila maji ni jengo tu. Mwaka 2019 ilichapishwa hesabu iliyokusanywa katika hospitali za nchi 22 za Afrika: kwa kila wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, zaidi ya 5 walikufa, kiasi kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Ni haki kusema kwamba wengi wao walifika wakiwa tayari na hali mbaya, na kwamba waliouawa na kutoka damu hawakuuawa na kisu peke yake. Hata hivyo, mwalimu au karani anayepanga kupasuliwa kwa sababu tu ameona wacheza sinema wa ng'ambo wakifanya hivyo, na ajue kwamba anauiga uamuzi wa mtu ambaye yuko karibu na benki ya damu iliyojaa na daktari wa usingizi asiyetoka nje ya chumba.

Tena liko jambo la mimba zijazo, ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanamke wa Brazil leo huzaa mtoto mmoja au wawili basi. Mwanamke wa Tanzania, kwa hesabu ya mwaka 2022, huzaa wastani wa watoto karibu 5. Kovu moja katika mfuko wa uzazi si kitu kikubwa. Makovu matatu au manne ni jambo jingine kabisa. Kadiri kisu kinavyorudia, ndivyo kondo la nyuma linavyoelekea kujishika juu ya kovu, na wakati mwingine kuzama ndani ya nyama kiasi kwamba halitoki bila kuondoa mfuko wote wa uzazi, tena kwa damu nyingi. Anayechagua upasuaji wa kwanza bila sababu hachagui kwa ajili ya mtoto huyo peke yake; anawachagulia na wale wa mbele.

Haina maana kwamba aliyepasuliwa mara moja ni lazima apasuliwe daima. Iwapo mkato ulikuwa wa kukingama sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, na sababu ya kwanza haipo tena, wanawake wengi, kati ya 6 na 8 katika kila 10 wanaojaribu, huzaa salama kwa njia ya kawaida. Hatari ya kovu kufumuka ipo, kiasi cha mwanamke mmoja katika 200. Ni ndogo, ila inataka ajaribu mahali penye chumba cha upasuaji na watumishi walio macho, wala si katika zahanati au nyumbani kwa mkunga wa jadi.

Mbona basi upasuaji usio wa lazima unaongezeka? Lawama zote hutupiwa wanawake, kwamba wamekuwa wavivu na waoga wa uchungu. Lawama hizo hazina msingi. Watafiti waliozungumza na madaktari na wakunga wa Dar es Salaam walikuta jibu jingine: hofu ya mtumishi kulaumiwa. Daktari aliyepasua hata mtoto akifa huambiwa alijitahidi. Aliyesubiri huulizwa kwa nini hakupasua. Na katika hospitali mbili za vijijini nchini, uchunguzi wa mafaili ulionyesha kuwa baadhi ya wanawake waliopasuliwa kwa sababu ya "uchungu kuchukua muda mrefu" walipelekwa chumba cha upasuaji hali chupa ya maji haijapasuliwa, na chati ya uchungu haikuonyesha kwamba wamechelewa. Chati hiyo si kitu kigeni. Umbo lake linalojulikana lilitengenezwa Harare na kuchapishwa mwaka 1972, kwa ajili ya mahospitali yenye wakunga wachache. Ikijazwa saa kwa saa humwambia mkunga nani asubiri na nani asisubiri. Ikijazwa asubuhi, baada ya mtoto kuzaliwa, kwa ajili ya mkaguzi, haimwambii mtu lolote.

Iko na sababu ambayo hutajwa kwa kunong'ona. Baadhi ya wanawake wanaoomba kisu hawakimbii uchungu, wanakimbia matusi. Wamesikia kwa dada zao jinsi mtu anavyokemewa kitandani, anavyoulizwa kama alipokuwa akipata mimba alilia hivyo, na anavyoachwa peke yake usiku. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kuwa kila mama aruhusiwe kuwa na mwenzi amtakaye wakati wa uchungu. Mahali penye vitanda vinne na akina mama kumi hilo si jambo rahisi, lakini pazia halina bei kubwa, na lugha njema haina bei kabisa. Wakunga walio wengi wanafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja, na hilo lisemwe pia.

Upande wa hospitali za kulipia, hesabu ni nyepesi. Upasuaji hulipwa zaidi, huchukua muda mfupi na hufanywa saa ambayo daktari anataka; uchungu wa kawaida huanza saa nane za usiku na hauna mwisho unaojulikana. Brazil, nchi ile ile iliyowapokea wataalamu wa mwaka 1985, imejionea matokeo yake: zaidi ya nusu ya watoto wake huzaliwa kwa upasuaji, na katika hospitali za watu binafsi ni zaidi ya wanane katika kila kumi. Mwaka 2015 serikali ya huko ililazimika kuamuru kwamba madaktari wanaolipwa na bima wajaze chati ya uchungu na wawaeleze wanawake hatari za upasuaji usio na haja. Mwaka 2016 baraza la madaktari likakataza upasuaji wa hiari kabla mimba haijatimiza wiki 39, kwa kuwa watoto wanaotolewa mapema hupata taabu ya kupumua. Hapa nchini, ambapo bima ya afya inazidi kuenea, wanaolipia bima wana haki ya kuuliza ni hospitali ipi inapasua wangapi, na kwa sababu gani. Iko njia ya kupanga hesabu hiyo katika makundi kumi, iliyobuniwa na daktari Michael Robson mwaka 2001 na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Karatasi moja na karani mmoja mwangalifu vinatosha kwa hospitali ya wilaya.

Pamoja na hayo yote, lingekuwa kosa kumgeuza daktari kuwa mfalme na mwanamke kuwa mzigo unaopitishwa mlango huu au ule. Uzazi wa kawaida nao una madhara yake: kuchanika, udhaifu wa kibofu, na kwa mtoto mkubwa, mabega kukwama. Mwaka 1999 huko Scotland, Nadine Montgomery, mwanamke mfupi wa umbo na mwenye kisukari, hakuambiwa na daktari wake kwamba uwezekano wa mabega ya mtoto wake kukwama ulikuwa kiasi cha mara 9 au 10 katika kila 100. Daktari aliona kuwa akimwambia ataomba upasuaji. Mabega yalikwama, na mtoto akapata ulemavu wa maisha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mama alikuwa na haki ya kuambiwa na kuamua mwenyewe. Kuambiwa huko hakutaki mitambo. Kunataka dakika kumi kliniki, katika mwezi wa saba au wa nane wa mimba, mume akiwapo kama mke anataka awepo, na lugha ambayo mama anaielewa. Kuambiwa wakati uchungu umeshika, karatasi ya saini mkononi na toroli mlangoni, si kuambiwa.

Saini hiyo ni ya mama. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye mwili wake, na tabia ya kumtafuta mume aliye safarini au mjomba aliye shambani, wakati mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, haina budi ikomeshwe na wale wale wanaoiendeleza, wakiwamo baadhi ya waume wasomi.

Maofisi nayo yana yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kwa baba ni siku 3. Siku ya tatu baada ya upasuaji mke hawezi kuinua ndoo ya maji, na aghalabu ndiyo kwanza anatoka wodini. Mkuu wa shule anayemwekea mwalimu wake vipindi vya mchana katika juma hilo havunji kifungu chochote cha sheria.

Na liko jambo dogo la karatasi, linalowahusu watumishi wa serikali kuliko watu wengine, kwa kuwa wao ndio wanaohamishwa. Mwalimu aliyepasuliwa Songea akihamishiwa Bukoba, mkunga wa Bukoba huona kovu la nje tu. Kovu la nje halisemi jinsi mfuko wa uzazi ulivyokatwa ndani: unaweza kuwa mkato wa chini unaomruhusu kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, au mkato wa wima wa juu ambao unamkataza kabisa. Kila mwanamke anayetoka wodini baada ya upasuaji na apewe maandishi yenye tarehe, sababu ya kupasuliwa na aina ya mkato, yaliyobandikwa ndani ya kadi yake ya kliniki, na ayadai kama hakupewa, kabla hajapanda gari la kwenda nyumbani.